Jiko la wageni na jiko la uani

Nyumba nyingi zinazojengwa Goba, Kinyerezi, Madale na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam zina majiko mawili. La kwanza liko ndani, limeungana na sebule, lina makabati meupe yanayogusa dari, kaunta ya granite, sinki la kisasa na taa zilizofichwa chini ya makabati. La pili liko uani: jiko la mkaa lililopasuka ukingoni, gunia limeegemezwa ukutani, kigoda kifupi, na sufuria nyeusi tii kwa masizi. Jiko la kwanza limekula mamilioni. La pili ndilo linalopika maharage.

Hali hiyo haitokani na uzembe wa mtu. Wenzi vijana waliopata mkopo kidogo na mtoto wa kwanza huanza ukarabati kwa kutazama picha kwenye simu, na picha zenyewe zimepigwa Milan au Dubai, kwenye nyumba ambazo hakuna anayechemsha utumbo kwa saa tatu. Fundi wa makabati anakuja na futi kamba, anapima ukuta, anataja bei kwa mita. Fundi vigae anafuata. Rangi inachaguliwa, bomba la dhahabu linaagizwa Kariakoo. Katika mazungumzo yote hayo ni nadra mtu kuuliza swali moja la msingi: moto utakuwa wa aina gani, na moshi wake utapitia wapi?

Hapo ndipo ukarabati unaoitwa rafiki kwa mazingira unapopotea njia. Kwa familia changa ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, fedha ya kwanza inapaswa kwenda kwenye moto, ya pili kwenye waya, ya tatu kwenye hewa. Kabati lisubiri. Likikosekana kabisa, sufuria zitakaa kwenye rafu wazi na hakuna atakayeugua.

Kuugua hapa ni suala la kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kabla ya wakati kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, inayotoka zaidi kwenye kuni, mkaa na mafuta ya taa. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mkaa hudanganya kwa kuwa hautoi moshi mzito kama kuni, na mtu huona ameshapiga hatua. Lakini makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo maana kila msimu wa baridi nyanda za juu husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika anavuta hewa ileile anayovuta aliyembeba, kwa mapafu ambayo bado yanakua.

Kuna pia hatari nyingine ambayo picha za simu haziioneshi. Jiko la mkaa hukaa chini, sakafuni, na mtoto wa mwaka mmoja naye yuko sakafuni. Uji unaochemka uko kwenye usawa wa uso wake. WHO huhesabu vifo vya kuungua duniani kuwa takriban 180,000 kwa mwaka, vingi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na jikoni ni moja ya mahali ambapo ajali hizo hutokea zaidi. Kuinua moto kutoka sakafuni hadi kwenye kaunta ni ukarabati halisi, hata kama kaunta yenyewe ni saruji iliyosawazishwa tu na kupakwa niru.

Kisha kuna msitu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu biashara ya mkaa nchini Tanzania ilikadiria kuwa Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikiteketeza karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, kama tani 500,000 kwa mwaka, na kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za jiji zilizotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Miaka imepita na gesi ya mtungi imeingia kwa kasi tangu hapo, lakini malori ya mkaa bado yanaingia mjini. Tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo, humeza kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo gunia lililoegemezwa uani ni mzigo mkubwa wa miti iliyokatwa Kilwa, Rufiji au Handeni, ambayo sehemu kubwa yake iliishia hewani porini kabla ya mtu yeyote kula.

Familia ikiwa na makabati ya mbao zenye cheti cha kimataifa cha misitu na bado inapika maharage uani kwa mkaa, cheti hicho kina kazi gani?

Turudi kwenye maharage, maana ndiyo kipimo. Ukitaka kujua nyumba inatumia nishati gani, usiangalie chai ya asubuhi. Angalia maharage, makande, kunde, utumbo, makongoro, vyakula vinavyotaka saa mbili au tatu za moto. Watu wenye gesi ndani huvipeleka uani kwa sababu wanaona vitamaliza mtungi, na wana haki ya kuogopa. Hapa ndipo presha kuka ya umeme inapobadilisha hesabu. Ni chungu kilichofungwa vizuri, kimezungushiwa kizuia joto, na mvuke ukishajaa mashine hujizima na kujiwasha yenyewe kwa vipindi vifupi tu. Ingawa nyingi zimeandikwa wati 1,000, hazivuti wati hizo muda wote. Nusu kilo ya maharage huiva kwa umeme usiozidi nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida wa majumbani wa shirika la umeme la TANESCO, ambaye shilingi 1,000 humpatia uniti zisizofika tatu, hiyo ni chini ya shilingi 200. Kopo la mkaa kwa bei hiyo halipatikani katika mtaa wowote wa Dar es Salaam.

Watu wengi bado hawaamini hesabu hiyo. Wamekulia na jiko la umeme la koili, lile jekundu linalokula uniti bila huruma, na imani kwamba umeme ni wa taa na televisheni. Watafiti na taasisi kama TaTEDO, ambayo imefanya kazi ya nishati vijijini na mijini kwa miongo kadhaa, wamekuwa wakipika hadharani kwa presha kuka huku mita ikionekana, na somo hilo linaingia taratibu.

Presha kuka haifanyi kila kitu. Chapati haiwezi. Samaki wa kukaanga hapana. Ugali unasongeka, lakini sufuria ya ndani huzunguka na mwiko, na anayesonga hulazimika kuikamata kwa kitambaa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipambana na sima. Wengi hujaribu mara moja wakarudi kwenye sufuria ya mshikio. Kwa hiyo jiko la familia linahitaji moto wa pili, na hapo gesi au jiko la induksheni vinafaa. Induksheni hupasha sufuria yenyewe badala ya hewa inayoizunguka, lakini inadai sufuria ambayo sumaku inanasa chini yake. Sufuria za alumini zilizojaa kila nyumba hazifanyi kazi juu yake. Anayenunua induksheni bila kwanza kupitisha sumaku ndogo chini ya sufuria zake atagundua hilo akiwa amekwisha lipa.

Gesi nayo inastahili neno la ukweli. Wengi hudhani gesi ya mtungi inatoka Mtwara au Songo Songo. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2004, ni methani inayosafiri kwa bomba, na ni nyumba chache tu za Dar es Salaam zilizounganishwa nayo. Iliyo kwenye mtungi wa kilo 6 au 15 ni propani na butani, na karibu yote huja kwa meli kutoka nje. Ni mafuta ya kisukuku. Inapowaka hutoa pia naitrojeni dayoksaidi, inayochokonoa njia ya hewa ya mtoto mwenye pumu. Hata hivyo, kwa mama aliyekuwa akipuliza mkaa jana, mtungi ni ahueni kubwa, na kumhubiria juu ya kaboni ya propani ni kukosa adabu. Mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) wa kuuza mitungi midogo kwa nusu bei ni wa maana. Ila kwa familia ambayo tayari ina waya wa TANESCO ukutani na inapanga kutumia mamilioni kukarabati, mtungi ubaki kuwa msaidizi: wa chapati, wa kukaanga, na wa siku umeme unapokatika.

Maana utakatika. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024, hali imebadilika. Bwawa hilo la Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Wanamazingira walilipinga kwa hoja nzito, kwa sababu limejengwa ndani ya Selous, eneo la Urithi wa Dunia, na hoja hizo hazijafutika kwa sababu tu taa zinawaka. Lakini bwawa limeshajengwa na umeme upo. Kuuacha upite huku msitu wa Kilwa ukichomwa kwenye matanuri ni hasara mara mbili.

Basi, waya. Hii ndiyo sehemu ya ukarabati isiyopigwa picha, na ndiyo inayounguza nyumba. Soketi ya pini tatu tuliyozoea hubeba ampea 13, yaani kama wati 3,000 kwa umeme wa volti 230. Presha kuka ya wati 1,000, birika la wati 2,000 na induksheni ya wati 2,000 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, waya huanza kulainika kabla ya maji kuchemka. Nyumba nyingi zina soketi moja jikoni, iliyowekwa kwa ajili ya friji. Fundi umeme mwenye leseni achote laini mpya kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi za kaunta, laini yake peke yake kwa jiko, na saketi breka inayokata umeme unapovuja. Soketi ziwekwe juu ya kaunta, nyuma, waya usining'inie mbele. Mtoto anayetambaa akivuta waya wa presha kuka, faida yote ya kuinua moto kutoka sakafuni imepotea.

Hewa wazee wa pwani waliijua kuliko sisi. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, moshi na joto vikapanda na kuondoka bila kupita vyumbani. Nyumba ya uswahilini nayo ililiweka uani, mbali na vitanda. Mtindo wa sasa umelileta jiko katikati ya sebule, umeziba madirisha kwa vioo vya alumini vinavyofunguka nusu, kisha umeongeza kiyoyozi. Feni za juu ya jiko zinazouzwa madukani nyingi hazitoi hewa nje; zinaivuta, zinaipitisha kwenye kichujio cha mkaa na kuirudisha palepale. Familia inayokarabati ichague moja: feni yenye bomba linalotoboa ukuta na kutoka nje, au ukuta wenye matundu.

Ukuta wenye matundu ni rahisi zaidi. Pwani ya Tanzania na Kenya upepo una tabia inayojulikana: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia kama Desemba hadi Machi, kusi hushika kutoka kusini mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka inayobaki. Dirisha moja upande unaopokea kusi na mistari miwili ya matofali ya matundu juu ya ukuta wa pili, karibu na dari, hufanya hewa ipite. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji na siku mbili za fundi. Wavu wa mbu uwekwe kwa nyuma, usije ukabadilisha pumu kwa malaria.

Baada ya moto, waya na hewa ndipo mazungumzo ya makabati yaanze, na hapo swali la kwanza liwe: nini kisibomolewe? Kila ukuta unaoangushwa ni vifusi vinavyokwenda kumwagwa bondeni, na kila ukuta mpya ni saruji. Uzalishaji wa saruji hutoa kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na binadamu, kwa sababu chokaa yenyewe huachia gesi inapochomwa, hata tanuru likitumia nishati safi. Kaunta ya zamani ya terazo, ile yenye vipande vya mawe ndani ya saruji, ambayo wengi huivunja kwa kuona imepitwa na wakati, ikisuguliwa kwa mashine hurudi kung'aa na kuishi miaka mingine thelathini. Wanaoagiza mawe bandia ya kwatsi wajue kuwa Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, ya kwanza duniani, kwa sababu vumbi la kuyakata liliharibu mapafu ya mafundi vijana. Fundi wa Tanzania anayekata jiwe hilo kwa grenda, bila maji na bila barakoa, ana mapafu yaleyale.

Makabati ya MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, yana kasoro mbili hapa pwani. Huvimba yanapokutana na unyevu na chumvi ya bahari, hasa chini ya sinki, na baada ya miaka michache milango inaning'inia kama meno ya mzee. Pia gundi yake huachia fomaldehaidi, kemikali ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Bodi zilizo na alama ya E1 huachia kidogo, na mnunuzi anaweza kuuliza. Lakini nafuu iliyo karibu zaidi ni milango ya mninga au mkongo iliyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa, inayouzwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Fundi seremala mzuri huikata, huipiga randa na kupata makabati ambayo MDF haiwezi kuyafikia kwa umri. Mti huo ulishakatwa zamani, hautakatwa tena.

Rangi isipitwe haraka kwa kuwa nyumba ina mtoto mdogo, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Risasi kwenye rangi za mafuta, hasa nyekundu, njano na kijani zinazong'aa, imeshakutwa katika rangi zilizouzwa madukani Afrika Mashariki, na taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam ni miongoni mwa waliozipima. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Aliye na mimba au mtoto mchanga asikae ndani wakati rangi ya zamani inapigwa msasa. Ilowanishwe kwanza, vumbi lisipae.

Friji ndiyo kifaa pekee jikoni kisicholala. Friji za mtumba kutoka Ulaya zinavutia kwa bei, lakini mwenye nyumba hulipa tofauti hiyo kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwezi baada ya mwezi. Jaribio lake halihitaji mtaalamu: soma uniti kabla ya kulala, zima kila kitu isipokuwa friji, soma tena asubuhi. Kisha geuza friji na kutazama kibandiko kilicho nyuma karibu na kompresa. Kikisema R600a, gesi iliyomo ina athari ndogo sana kwa joto la dunia. Kikisema R134a, kilo moja ya gesi hiyo ikivuja inapasha dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Mataifa yalikubaliana kuanza kupunguza gesi za familia hiyo katika mkutano wa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, na mkataba huo unabeba jina la jiji hilo. Ni moja ya makubaliano machache makubwa ya hali ya hewa yaliyozaliwa katika ukanda wetu, na bado friji zenye gesi hiyo zinashushwa bandarini. Popote friji itakapowekwa, isikae ubavuni mwa jiko wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Maji na mabaki hayana mengi. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 60 lenye mifereji mizuri linaweza kukinga lita 50,000 hivi baada ya kutoa zinazopotea. Hizo zinatosha kuoshea vyombo miezi mingi, bomba likiletwa kutoka tangi hadi sinki. Maganda ya ndizi na viazi yaende kwenye ndoo yenye mfuniko yawe mboji ya mchicha. Yakichanganywa na plastiki yatasafiri hadi dampo la Pugu Kinyamwezi na kuoza huko yakitoa methani.

Katika mipango yote hii kuna mtu mmoja asiyeulizwa. Familia changa ya mjini, baba na mama wote wakiwa kazini, mara nyingi hupikiwa na dada wa kazi. Yeye ndiye anayeinama kwenye mkaa, ndiye anayejua kaunta ni ya juu mno kwa kimo chake, ndiye anayejua kuwa presha kuka iliyonunuliwa mwaka jana imewekwa juu ya kabati kwa sababu mama mwenye nyumba anaogopa asije akaiharibu. Zipo nyumba ambamo vifaa vya umeme vimefungiwa na dada ameachiwa mkaa, kwa hoja ya kubana matumizi. Mchoro wa jiko usioanza na mazungumzo naye utamaliza fedha na jiko la uani litaendelea kuwaka.

Wapangaji nao wana lao. Familia nyingi za vijana hazina ukuta wa kutoboa wala laini ya kuchota, na mwenye nyumba akiona fundi anaweza kupandisha kodi. Kwao ukarabati ni vitu vinavyohamishika: presha kuka, meza imara ya kuinua moto, friji iliyochunguzwa, na maombi kwa mwenye nyumba ya soketi moja salama, jambo ambalo mpangaji ana haki ya kulidai.

Lakini familia ikishafanya yote hayo, serikali nayo ina deni. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Wiki iliyofuata alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika uliochangisha ahadi za dola bilioni 2.2. Nia haina shaka. Tatizo liko kwenye bei ya umeme.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na makato, ili mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, uniti za ziada ni shilingi 350, na akizoea kuzidi huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292. Chukua familia inayotumia uniti 60 kwa taa, friji ndogo na televisheni. Inalipa shilingi 6,000. Ikiacha mkaa na kupikia umeme kila siku, inaongeza kama uniti 25, inafika 85, inahamishiwa T1, na uniti zake sasa zinagharimu shilingi 24,820. Imeongeza matumizi kwa chini ya nusu, malipo yamepanda mara nne. Kijana yeyote mwenye kikokotoo atarudi uani.

Uganda waliliona hilo. Mwaka 2022 mdhibiti wa umeme wa huko alianzisha bei ya kupikia: mteja wa nyumbani akivuka uniti 80 kwa mwezi, zinazofuata hadi 150 aliuziwa kwa shilingi 412 za Uganda, wakati nyingi kati ya zilizotangulia zilikuwa zikizidi 700. Kule anayepika kwa umeme anapunguziwa, huku anaadhibiwa. Tanzania haihitaji kunakili bei za Kampala. Inatosha mteja wa D1 aruhusiwe uniti 30 za ziada kwa ajili ya kupikia bila kuondolewa kwenye kundi lake, na fedha za kufidia zitafutwe kwenye ahadi za Paris, ambazo zilitolewa kwa kazi hiyohiyo. EWURA husikiliza maoni ya umma kabla ya kupanga bei mpya na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema. Siku TANESCO itakapopeleka maombi mengine, hesabu ya uniti 60 na 85 iwe mezani.